Kamba Aliyoishika Iyangura

Banyanga wa Walikale wana hadithi ndefu ya kijana Mwindo, ambayo wazee wao waliiimba kwa ngoma na kwa ngano, usiku hata usiku. Mwaka 1956 mwimbaji mmoja mashuhuri, Shekarisi Rureke, aliisimulia yote mbele ya Mbelgiji Daniel Biebuyck, ikaandikwa neno kwa neno. Na mwaka 1969 Biebuyck pamoja na Mkongo Kahombo Mateene waliitoa katika kitabu. Basi, hadithi yasema hivi kwa ufupi: mtemi Shemwindo hakutaka mtoto wa kiume. Mwindo alipozaliwa, baba yake alijaribu kumwua, na aliposhindwa alimfungia ndani ya ngoma na kumtupa majini. Mtoto akasafiri na mto mpaka kwa shangazi yake Iyangura, naye ndiye aliyempokea. Baadaye baba alikimbilia chini ya nchi, na Mwindo akataka kumfuata huko. Kabla ya kushuka alimpa shangazi ncha moja ya kamba, na ncha ya pili akaishika mwenyewe. Maagizo yake yalikuwa haya: kamba ikitikisika, ujue mimi ni mzima, ikitulia kabisa, ujue nimekufa.

Msomaji mpenzi, tunaianza habari yetu kwa kamba hiyo kwa kuwa siku hizi, katika nchi ileile ya Walikale na kwa jirani yake Masisi, wako watu ambao kazi yao ni hiyo hasa: kuishika kamba, mwenzao anaposhuka gizani. Watu wa Kivu huwaita kwa herufi za Kifaransa, APS, yaani wasaidizi wa mambo ya moyo na ya jamaa. Wengi wao ni akina mama wa hapohapo. Hukaa katika nyumba ndogo zinazoitwa nyumba za kusikilizia, au katika chumba cha zahanati, na mtu aliyeumizwa na vita huja, huketi, husema au hunyamaza. Sisi hapa tutamwita msaidizi huyo msikilizaji. Twataka kuuliza jambo moja tu: kitu gani humfanya mtu aliyeumizwa amwamini msikilizaji wake, na kitu gani humfanya asimwamini? Maana dawa ya kazi hii haimo chupani. Imo katikati ya watu wawili wale.

Tuitazame nchi kwanza. Masisi ni milima, majani mabichi na ng'ombe. Ni nchi ya Bahunde, na kati ya mwaka 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta huko makumi ya maelfu ya watu kutoka Rwanda ili wapate mashamba na mabwana wa mashamba makubwa wapate vibarua. Walikale iko upande wa magharibi, ni msitu mkubwa wenye eneo la kilomita za mraba zaidi ya 23,000, nchi ya Banyanga, Bakano, Bakumu na wengine. Mnamo Machi 1993 mauaji yalianza sokoni Ntoto, huko Walikale, yakapanda mpaka Masisi. Maelfu ya watu waliuawa, na wengine wengi sana wakaacha nyumba zao. Tangu hapo vita vimekuja kwa majina mengi, 1996, 1998, na vingine baadaye, hata mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Ntoto sasa ana watoto wake mwenyewe, nao pia wamekwisha kukimbia. Kuanzia Julai 30 mpaka Agosti 2 mwaka 2010, watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vingine kando ya barabara ya Kibua mpaka Mpofi, vijiji 13 kwa jumla, na Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 walionajisiwa kwa nguvu. Mkuu mmoja wa waasi wale, Ntabo Ntaberi Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi mjini Goma mnamo Novemba 2020. Hukumu ni jambo kubwa. Lakini jioni ya siku ya hukumu mama wa Luvungi hurudi nyumbani, na usiku unamngoja palepale.

Nyumba za kusikilizia zilitokea katika shida hiyo. Wakati wa vita iliyoanza mwaka 1998, akina mama wa Goma, Justine Masika Bihamba akiwa mmoja wao, waliunganisha vyama vyao ili kuwatafuta na kuwasaidia walionajisiwa. Umoja wao huitwa Synergie. Daktari Jo Lusi na mkewe Lyn waliijenga hospitali ya HEAL Africa, ambayo haikutibu majeraha ya mwili tu bali ilituma akina mama vijijini kusikiliza. Tangu mwaka 2007 Madaktari Wasio na Mipaka wamefanya kazi katika hospitali ya Masisi, nao pia walitambua upesi kwamba wagonjwa wengine hawaponi kwa vidonge. Mtu asema kichwa chamzunguka, moyo wadunda, tumbo lawaka moto, usingizi hauji. Apimwa malaria, hana. Apimwa tena, hana.

Sasa twaomba msomaji avuke nasi mpaka aende Uganda, kwa maana elimu ya jambo hili haikuanzia vitani. Sehemu yake kubwa ilianzia mbele ya nyumba za Waganda, karibu na Kampala, mwaka 1954.

Mwaka huo bibi mmoja, Mary Ainsworth, alifika Kampala pamoja na mumewe aliyepata kazi huko. Yeye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa mambo ya moyo na akili, na kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi London pamoja na daktari John Bowlby. Bowlby alikuwa ameandika mwaka 1951, kwa ajili ya Shirika la Afya la Dunia, taarifa juu ya watoto waliotengwa na mama zao wakati wa vita vya Ulaya. Alisema kwamba mtoto hahitaji maziwa na nguo tu. Ahitaji mtu mmoja wa kumshika, anayedumu. Wataalamu wengi wa siku zile walimcheka. Walidhani mtoto humpenda mama kwa sababu ya chakula tu, na ye yote awezaye kumlisha aweza kuwa mama kwake.

Bibi Ainsworth aliona kwamba jambo hilo halifai kubishaniwa mezani. Alitafuta jamaa 26 vijijini, zenye watoto wachanga 28, akazitembelea mara kwa mara, kama kila wiki mbili, kwa miezi mingi, akiketi ukumbini na mama alasiri, pamoja na mkalimani wake Katie Kibuka. Hakuja na mashine wala sindano. Alitazama tu. Mtoto analia lini? Nani akimwacha ndipo hulia? Akiingia mgeni hukimbilia wapi? Aliona kwamba mtoto mwenye kumwamini mama yake hang'ang'anii mapajani saa zote. Huenda mbali kidogo, huchezea kopo, humtazama kuku, kisha hugeuka kumtazama mama, na kuendelea tena. Mama ni kama nguzo ya nyumba: mtoto huondoka kwake na kurudi kwake. Kati ya watoto wale 28, 16 walikuwa hivyo. Wengine 7 walishikamana na mama zao kwa wasiwasi, wakilia hata mama akiwa karibu. Na 5 walikuwa bado hawajaonyesha ushikamano wo wote.

Tofauti hiyo ilitoka wapi? Hapa ndipo panapotupasa kukaa kidogo. Bibi Ainsworth aliona kwamba akina mama ambao watoto wao walitulia walikuwa pia wasimuliaji wazuri wa habari za watoto wao. Ukimwuliza mama wa namna hiyo juu ya mwanawe, alikueleza mambo madogo madogo kwa kirefu: hupenda hiki, huogopa kile, kilio hiki ni cha njaa, kile ni cha usingizi. Hao wengine walijibu kwa maneno machache, au wakaanza kusimulia mambo mengine. Haikuwa suala la mapenzi tu, kwa maana wote waliwapenda watoto wao. Ilikuwa suala la kumsoma mtoto. Kitabu chake juu ya watoto wachanga wa Uganda kilitoka mwaka 1967, na elimu yote ya ushikamano, ambayo leo hufundishwa ulimwenguni kote, imesimama kwa sehemu juu ya alasiri zile za Buganda. Si wengi wa kwetu wanaojua habari hiyo, nasi twaona ni haki kuisema.

Huko London mtu mwingine wa kundi lile, James Robertson, aliona jambo la pili lenye kuwafaa sana watu wa Masisi. Siku zile hospitali za Uingereza hazikuwaruhusu wazazi kukaa na watoto wagonjwa. Mtoto aliyelazwa peke yake alilia kwanza kwa nguvu siku moja au kadhaa. Kisha alihuzunika, akakaa kimya. Hatimaye alichangamka kidogo, akala, akawachekea wauguzi wote bila kubagua, na mama alipofika akamtazama kama mgeni. Wauguzi walifurahi wakisema: amezoea. Robertson alisema: hakuzoea, amekata tamaa. Mwaka 1952 alionyesha filamu ya mtoto mmoja wa miaka miwili hospitalini ili madaktari waone kwa macho yao, na polepole milango ya wodi ilifunguliwa kwa wazazi.

Turudi sasa katika nyumba ya kusikilizia. Aingia mama aliyekimbia mara nne. Anaketi wima, anajibu swali kwa adabu, anasema: mimi sina neno, nimesamehe, nataka tu sabuni na chumvi kwa watoto. Hatoi chozi. Msikilizaji mpya huandika katika daftari lake kwamba mama huyu ana nguvu, na kumwita mwingine. Je, huyu siye yule mtoto wa wodini aliyenyamaza? Aliyeachwa mara nyingi hujifunza kutomhitaji mtu. Wa pili aja akilia tangu mlangoni, hushika mkono wa msikilizaji, hataki saa iishe, kesho yake arudi bila kuitwa, na wiki ijayo amkasirikia msikilizaji kwa sababu alimsalimu mtu mwingine kwanza. Huyu naye ameachwa, ila yeye alijifunza kung'ang'ania. Watu hawa wawili wamepatwa na msiba mmoja, labda hata usiku mmoja. Lakini wanamjia msikilizaji kwa njia mbili, kadiri walivyozoea tangu utotoni na katika vita kumpata au kumkosa mtu wa kuwashika.

Bowlby mwenyewe, alipokuwa mzee, aliandika kwamba kazi ya kwanza ya mganga wa moyo ni kuwa nguzo ile ya mama wa Kiganda: mahali ambapo mgonjwa aweza kuondoka aende kuyatazama mambo ya kutisha, na kurudi. Kitabu chake hicho kilitoka mwaka 1988. Lakini kuna swali lililobaki. Nguzo yenyewe imesimama juu ya nini? Mwaka 1994 Mary Dozier na wenzake huko Marekani waliwachunguza watu wanaowahudumia wagonjwa wa akili, wakitazama si wagonjwa tu bali wahudumu pia, kila mmoja na ushikamano wake wa moyoni. Waliona kwamba wahudumu wenye utulivu waliweza kuisikia haja iliyofichika: kwa mgonjwa anayesema hahitaji mtu walikaribia kidogo, kwa yule anayeng'ang'ania waliweka kiasi. Wahudumu wasio na utulivu huo waliijibu haja ile inayoonekana kwa nje tu. Asemaye sina neno waliachana naye. Aliaye sana walizama pamoja naye.

Hapo ndipo linapoingia jambo la pili, ambalo wazee wetu waliliita kujijua, na wataalamu huliita kuyatambua maono ya moyo, yaani hasira, hofu, aibu, huzuni, na mengine ya namna hiyo. Daktari Peter Sifneos, mtu aliyezaliwa Ugiriki na kufanya kazi Marekani, alitunga mwaka 1973 neno la Kigiriki lenye maana ya kukosa maneno ya kuyaeleza maono ya moyo. Aliwaona wagonjwa wenye maumivu mengi ya mwili ambao, wakiulizwa wana huzuni au hasira, hawakujua la kujibu. Nadhani yafaa tuwe na hadhari na neno hilo tunapolileta kwetu. Mama asemaye tumbo lawaka moto hakukosa maneno. Ametumia neno ambalo halimtii hatarini. Katika nyumba ya mume na mbele ya majirani, tumbo laruhusiwa kuuma. Hasira juu ya aliyekunajisi, au juu ya mume aliyekufukuza kwa ajili hiyo, hairuhusiwi. Msikilizaji mwenye busara haanzi kwa kumfundisha majina ya maono. Auliza: moto huo huanza saa ngapi? Ukiwa na nani? Ukisikia nini? Na mama ajibu: nikisikia viatu vizito njiani. Basi hofu imekwisha kutajwa, ingawa neno hofu halijasemwa.

Lakini ili auulize swali hilo kwa utulivu, yampasa msikilizaji ajue kwamba yeye naye akisikia viatu vizito njiani mgongo wake hupata baridi. Kumbuka, yeye si mgeni kutoka mbali. Ni mtu wa Masisi au wa Walikale. Alikimbia barabara ileile. Pengine aliyenajisiwa ni ndugu yake. Asipoyatambua maono yake, yatamwongoza bila yeye kujua. Atambadilishia mama maneno hadithi inapokaribia mahali penye kuchoma, na kumwambia: tuache hayo, tumshukuru Mungu umepona. Maneno mema, ila wakati wake si huo. Aliyefarijiwa kwa maneno hayo ni msikilizaji mwenyewe. Au atalia kuliko mwenye msiba, na mama aache kusema ili ambembeleze. Mara nyingine huja hasira: mama mwenye kabila la watu waliochoma kijiji cha msikilizaji aingia na kuketi. Katika nchi ya Masisi jambo hilo si mfano wa kubuni, kila msikilizaji alikwisha kulifikiria. Mwenye kuitambua hasira yake aweza kuiweka pembeni kwa saa moja, na baadaye kumwendea msimamizi wake aiseme. Asiyeitambua hudhani kwamba mama huyu ni mwongo.

Je, kazi hii yote yasaidia kweli, au ni maneno matamu tu? Mwaka 2013 Judith Bass na wenzake walitoa habari ya jaribio lililofanywa katika vijiji vya mashariki mwa Kongo, zaidi Kivu ya Kusini, pamoja na wanawake 405 walionajisiwa na wenye huzuni na hofu nyingi. Wanawake 157 walipata matengenezo ya moyo kwa utaratibu maalumu: kikao kimoja cha mtu peke yake, kisha vikao 11 vya kundi, wakijifunza kuyatambua mawazo na maono yaliyowafunga, kama lile la kujidhani wao ndio wenye kosa. Wanawake 248 walipata msaada wa kusikilizwa mmoja mmoja, kama ilivyokuwa desturi. Waliowahudumia walikuwa wasaidizi wa hapohapo, si madaktari. Hali ya makundi yote mawili ilipata nafuu. Lakini baada ya miezi 6 katika kundi la kwanza walikuwa 9 katika kila 100 ambao bado walionyesha dalili za ugonjwa wa huzuni au hofu, na katika kundi la pili walikuwa 42 katika kila 100.

Wengine wameisoma habari hiyo wakasema: mnaona, utaratibu ndio unaoponya, si uhusiano. Sisi hatusomi hivyo. Ni kweli kwamba kuketi na kusikiliza tu, bila njia, hakutoshi, na nyumba nyingi za kusikilizia zingefaidika zikikubali hilo. Lakini fikiri vikao 11 vya kundi ni kitu gani kwa mwanamke ambaye mumewe amemfukuza na majirani humpitia mbali. Wiki baada ya wiki, siku ileile, mahali palepale, nyuso zilezile. Mwenzako akikosa unauliza habari zake. Njia ilihitajika; na walioipita waliipita wakiwa wameshikana mikono.

Tena kuna jambo lisiloandikwa sana katika taarifa: kuachana. Kazi nyingi za Masisi na Walikale huenda kwa fedha za miaka michache. Fedha zikiisha, nyumba ya kusikilizia hufungwa, na mtu aliyekwisha kuachwa na wengi huachwa tena, safari hii na yule aliyemwambia: mimi nipo. Kwa aliyejifunza kutomhitaji mtu, huo ni ushahidi kwamba alikuwa na haki tangu mwanzo. Msikilizaji mwaminifu hulijua hilo, naye husema tangu siku ya kwanza: tutaonana mara kumi na mbili, tutahesabu pamoja. Kikao cha nane hukumbusha kwamba vimebaki vinne. Mama hukasirika au hunyamaza, na hilo pia ni la kuzungumzwa. Kuagana kulikotangazwa si sawa na kutoroka, na katika nchi ambayo karibu kila kuagana kulikuwa ni kukimbia, pengine hilo ndilo somo jipya kuliko yote.

Lakini vita havitangazi hesabu ya vikao. Mnamo Januari 4, 2025, waasi wa M23 walichukua mji wa Masisi, na watu wengi wakajificha ndani ya uwanja wa hospitali. Mwisho wa mwezi huo Goma iliangukia mikononi mwao, na mnamo Machi 19 Walikale. Katika siku kama hizo msikilizaji hukimbia kama mkazi mwingine ye yote, na mtoto mgongoni, bila daftari. Akutana na mama wake wa kikao cha sita msituni, kila mmoja akitafuta maji, na kwa mara ya kwanza ni mama yule amwulizaye msikilizaji: wewe, umelala?

Tarehe 3 Aprili waasi waliondoka mjini Walikale. Kazi ya kusikiliza, popote inapoanzwa tena baada ya mbio kama hizo, haianzi kwa kuuliza msiba upya tangu mwanzo, kana kwamba mama ni mgeni. Msikilizaji humwita kwa jina lake, humwonyesha kiti kilekile kama bado kipo, na kumwambia: siku ile tulifika mahali pa viatu njiani.